Kila Mtu Alimpa Mbili

Katika kata ya Strathdarroch, mtu wa ukoo wa Gillanders hakuwahi kumwomba mtu kura. Mzee Murdo Gillanders alikuwa diwani tangu barabara ya bondeni haijatiwa lami, na kila uchaguzi alibaki zizini akikata kwato za kondoo wake mpaka matokeo yamfuate huko huko. Mwanawe Torquil alipokirithi kiti, alifanya vivyo hivyo. Na walikuwa na desturi nyingine, ambayo watu wa bonde waliwasimulia wageni kwa fahari kana kwamba ni yao wenyewe: Gillanders hampi Gillanders kura yake. Humpa mpinzani. Mtu mwenye adabu, Mzee Murdo alikuwa akisema, hajipakulii wa kwanza mezani kwake. Zilipoanza kura za namba, ambapo unamwandikia moja yule unayemtaka kuliko wote na mbili anayefuata, Torquil aliirekebisha desturi bila kuumiza kichwa: mpinzani moja, yeye mwenyewe mbili. Na bado alishinda kila mara, kwa sababu bonde zima lilimwandikia yeye moja.

Kisha Torquil akafa. Moyo ulisimama akiwa mlimani na mbwa wake, anawateremsha kondoo kabla ya baridi, na kiti kikabaki wazi.

Seonaid, mkewe, hakuwa na hamu ya udiwani. Alikuwa amefundisha hesabu katika sekondari ya wilaya mpaka akastaafu, na kwa watu wa bonde alikuwa Mwalimu, hata kwa wale waliokwisha kupata wajukuu. Alichotaka kilikuwa kimoja. Halmashauri ilikuwa imependekeza kuyafunga makao ya wazee ya Darroch na kuliuza jengo. Madiwani waligawanyika nusu kwa nusu, wakakubaliana wamsubiri mtu atakayekalia kiti cha Torquil. Huyo ndiye angeamua. Na ndani ya makao yale, katika chumba cha mwisho upande wa mto, alilala Johan, mama yake Torquil, mwenye miaka tisini na mitatu.

Johan hakuwa amepoteza akili. Alikuwa amepoteza Kiingereza. Kilimtoka kidogo kidogo baada ya kiharusi, ikabaki lugha aliyonyonya nayo, Kigaeli cha wazee wa bonde, ambacho pale makaoni baadhi ya wauguzi bado walikisema. Katika mji wa pwani ya mashariki ambako wazee wangehamishiwa, hakuna ambaye angejua hata kwamba anaomba maji. Seonaid mwenyewe, mtu wa kusini, baada ya miaka yote ya ndoa alikijua cha jikoni tu. Wala hakuweza kumchukua akae naye nyumbani: Johan alihitaji watu wawili wenye nguvu kumgeuza kitandani, na nyonga ya Seonaid mwenyewe ilikuwa ya bandia, ya chuma. Torquil alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hatatoka mle akiwa hai. Sasa ahadi ile ilikuwa mikononi mwa mjane wake.

Waliogombea walikuwa wanne. Kirsteen Bain alisimama kwa tiketi ya chama, na wakubwa wa chama walikuwa wamekwisha kukubali makao yafungwe. Giles Thwaite, Mwingereza mstaafu aliyenunua nyumba ya zamani ya mchungaji, alisema waziwazi kwamba jengo liuzwe ili daraja lijengwe upya. Lachie Polson, mfuga samaki, alikuwa na binamu karibu katika kila nyumba. Kuhusu makao alisema atasikiliza kwanza. Wa nne alikuwa Seonaid.

Siku ya mwisho ya wagombea kujitoa, Polson alikuja kwake. Alivua buti mlangoni, akaingia jikoni na soksi, kofia mkononi, harufu ya chakula cha samaki ikimtangulia.

"Mwalimu," alisema, "mimi ndugu zangu ndio walionisukuma. Sina kiu ya jambo hili. Uniambie neno moja tu, Lachie jitoe, nampigia simu msimamizi sasa hivi, hapa hapa mezani kwako."

Seonaid alimmiminia chai. Neno lenyewe lilikuwa tayari ulimini, na aliendelea kumimina mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Ukutani, Mzee Murdo na Torquil walikuwa wakitazama kutoka kwenye fremu zao.

"Siwezi kukuambia hivyo, Lachie. Kila mtu ana haki ya kugombea."

"Haki yangu naijua. Nakuuliza wewe unataka nini."

"Chukua biskuti," alisema Seonaid. "Ni za siagi, nimezioka asubuhi."

Polson aliichukua. Aliila polepole huku akimtazama, akingoja. Alipomaliza alipangusa chenga kwenye fulana yake na kuinuka.

"Darasani ulikuwa unatuambia, anayehitaji msaada anyooshe mkono."

"Hiyo ilikuwa hesabu."

"Ehe," alisema Polson, akainama kuvaa buti zake. "Basi tutaonana ukumbini, Mwalimu."

Kwa majuma yaliyofuata Seonaid alizunguka kata nzima kwa gari lake dogo, mvua ikimfuata bonde hadi bonde. Alijiambia kwamba kugawa karatasi yenye picha yako si kuomba. Kila mlango ulifunguliwa kwa furaha. Kila jiko lilikuwa na kiti kwa ajili yake.

"Ingia, Mwalimu, utalowa," alisema Ina Matheson, ambaye mama mkwe wake alilala chumba cha pili kutoka kwa Johan. "Na usijisumbue kunieleza, mbili yangu ni yako. Ya Dougie pia, nitamsimamia mwenyewe. Moja sina budi nimpe Lachie, ni binamu ya mama yangu. Nisipompa, Krismasi hakuna atakayenipitishia chumvi."

"Nakuelewa, Ina."

"Lakini wewe huna shida. Nani bonde hili atamnyima Gillanders moja?"

Kwa Wattie Mowat, mzee aliyeishi na mbwa watatu na redio, mambo yalikuwa yale yale. "Baba yangu alikuwa mtu wa chama, na mimi nitakufa mtu wa chama. Nikimwandikia mwingine moja, atafufuka anizabe kofi. Lakini mbili? Mbili ni yako mchana kweupe. Karatasi zako bandika hata kwa mbwa." Mwanamke wa posta alikuwa na sababu yake: mke wa Thwaite alimsaidia sana alipougua. "Nikimpa Bwana Thwaite moja nitalala kwa amani. Wewe moja utazipata kwa wengine, Mwalimu. Umejaliwa watu."

Seonaid alizijua hesabu zile kuliko mtu yeyote katani. Mwenye moja chache kuliko wote hutolewa kwanza, na mbili haiguswi mpaka yule aliyepewa moja atolewe. Mtu anaweza kuwa mbili ya nchi nzima, na akawa wa kwanza kuondoka, hizo mbili zake zote zikabaki kwenye karatasi kama salamu zisizofikishwa. Nusu ya watu hawa aliwafundisha yeye mwenyewe. Ilitosha kusema: Ina, mbili haitanifikia, nipe moja. Kila jikoni aliingia na maneno hayo tayari, na kila jikoni alisema, "Asanteni sana kwa chai," akatoka, akafunga geti vizuri kondoo wasitoroke.

Ndani ya gari alikaa bila kuwasha injini. Wakati mwingine vioo vilijaa ukungu mpaka asione barabara. Mara moja alikigeukia kiti cha pembeni, ambacho bado kilikuwa na manyoya ya mbwa wa Torquil, akakiuliza, "Nifanye nini?"

Karatasi ya kura ya Johan ilikuja kwa posta. Dolina, muuguzi wa zamu aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Seonaid, ndiye aliyesaidiana na mzee kuijaza, maana alikisema Kigaeli vizuri. Seonaid alikuwa amekuja kumtembelea mkwewe, akahamia dirishani na kuwapa mgongo asije akaonekana anaingilia. Nje mto ulikuwa umefurika, rangi ya chai ya rangi.

Dolina alisoma majina moja moja. Johan, nywele zake nyeupe zimechanwa, alisikiliza kama mtu anayekagua wageni wa harusi.

"Lachie ni wa nani?"

"Wa akina Polson, Bibi. Wale wa kwenye kinu cha kusagia nafaka."

"Watu wazuri. Babu yake alimsaidia Murdo mwaka wa theluji kubwa. Mpe moja. Mbili mpe mke wa Torquil."

Kalamu ya Dolina haikuandika. Alimgeukia Seonaid na kumwambia kwa Kiingereza, ambacho mzee hakukifuata tena, "Umesikia alivyosema? Anafanya adabu ya nyumbani kwenu. Hajui kwamba anapigia kura kitanda chake mwenyewe. Nimwambie?"

"Hajui kama makao yanafungwa, Dolina. Akijua hatalala tena. Usimwambie."

"Basi niandike nini?"

"Andika alivyosema."

"Mwalimu. Humu tuko mimi na wewe tu."

Seonaid alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. "Kura ni yake. Andika alivyosema."

Dolina aliandika, akikandamiza kalamu kama anayechimba. Johan alimwangalia mkono mpaka mwisho, kisha akasema kitu na kutabasamu.

"Anasema nini?" aliuliza Seonaid.

"Anasema Mzee Murdo angefurahi."

Siku ya kura, Alhamisi ya Novemba, wagombea walisimama mlangoni mwa ukumbi wa kijiji kama ilivyo kawaida, wote wanne kwenye upepo mmoja, wakipeana chai ya chupa. Thwaite alikuwa na mwavuli mkubwa, na bila kuulizwa akausogeza juu ya kichwa cha Seonaid, bega lake mwenyewe likalowa. Ilikuwa vigumu kumchukia.

"Mnanikumbusha watu wanaongoja basi lililofutwa," alisema Wattie Mowat alipokuwa anaingia.

"Wewe kapige kura, Wattie, acha kuchekesha maiti," alimjibu Polson.

Watu walipotoka walimkonyeza Seonaid. Wengine walimwinulia vidole viwili, kirafiki. Ina Matheson alimminya mkono: "Tayari, Mwalimu. Mimi na Dougie." Seonaid alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Alijiambia kwamba midomo yao husema hivi, lakini ndani ya kibanda, mtu akikumbuka mama yake anavyolala pale makaoni, mkono wenyewe utaandika moja. Alilishikilia wazo hilo siku nzima, maana hakuwa na jingine.

Jioni ikikaribia, aliingia kupiga kura yake. Ndani ukumbi ulinuka viatu vyenye maji. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi. Alisimama mbele ya majina manne na kuiweka ncha ya penseli kwenye kisanduku kilicho mbele ya jina lake.

Hakuna ambaye angeona. Wala Ina, wala Dolina, wala mtu yeyote aliye hai. Na hilo ndilo lililomshinda. Adabu inayofuatwa mbele za watu tu ni maonyesho, na ukoo wa Gillanders haukuwa wa maonyesho. Aliolewa katika jina lile akiwa msichana mgeni, likampokea, likamfunika. Torquil aliingia kibanda hiki hiki kila uchaguzi, peke yake, akaandika alivyoandika. Kura moja haitaangusha nyumba, Seonaid alijiambia, na macho yakamjaa mpaka mistari ikachezacheza. Akamwandikia Polson moja. Akajiandikia mbili.

Kura zilihesabiwa kesho yake katika jumba la michezo la sekondari mjini, ambako mashine zilikuwa zikisoma karatasi kwa sauti ya mvua kwenye bati. Kabla ya kutangaza, msimamizi aliwaita wagombea pembeni, kama taratibu zinavyotaka, na kuwaonyesha namba kwenye skrini.

Thwaite aliongoza. Bain alimfuata. Wa tatu alikuwa Polson. Wa mwisho, na wa kwanza kutolewa, alikuwa Seonaid Gillanders. Baina yake na Polson kulikuwa na kura tatu.

Hakuhitaji karatasi. Maisha yake yote alikuwa akiwauliza watoto maswali ya namna hiyo. Ukiondoa mbili upande huu na kuzipeleka upande ule, pengo la tatu linageuka, na aliyekuwa nyuma anakuwa mbele kwa moja. Yake na ya Johan. Hizo mbili tu.

Msimamizi, mwanamke mpole mwenye miwani shingoni, alidhani anamfariji. "Sijawahi kuona hivi, Bibi Gillanders. Karibu kila karatasi ina mbili yako. Ungevuka ile hatua ya kwanza tu, Bwana Polson angetoka, kura zake zingekuja kwako, na baada yake za Bi Bain. Ungeshinda kwa mbali. Sasa nyingi zimekwama, hazina namba ya tatu."

"Asante kwa kunieleza," alisema Seonaid.

Thwaite alipotangazwa mshindi, Seonaid alimwendea mbele ya watu wote, mgongo wima, akampa mkono na kumtakia heri. Watu walisema baadaye kwamba hawajaona mtu akishindwa vizuri namna ile. Polson alibaki karibu na mlango, kofia yake ikizungushwa vidoleni.

"Nilikuja jikoni kwako, Mwalimu."

"Ulikuja, Lachie."

"Ningejitoa."

"Najua."

Jumamosi jiko lake lilijaa keki na supu, kama wiki ile ya msiba. Walikuja na macho mekundu. Ina Matheson alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia Polson, analia kwa kwikwi.

"Sote tulikuandikia, Mwalimu. Nimeuliza nyumba hadi nyumba. Hakuna ambaye hakukuandikia. Imekuwaje?"

"Nilihitaji moja, Ina."

"Sasa mbona hukusema?" Ina aliuliza, kwa uchungu halisi, karibu kwa hasira. "Miaka yote hii mnatutendea mema, na hamjawahi kutuomba chochote. Ungesema."

Seonaid aliisogeza keki karibu. Alichukua kisu, akakata keki, akampa kipande.

Jumapili, kwa heshima ya Sabato, watu wa bonde hawatembeleani. Jumatatu alivaa koti lake la kanisani na kwenda kwenye nyumba ya zamani ya mchungaji. Alisimama mlangoni kwa Thwaite, maji yakichuruzika ukingoni mwa kofia, na alipofunguliwa hakungoja kukaribishwa, kwa kuogopa kwamba akishaketi hataweza.

"Bwana Thwaite, nimekuja kukuomba."

Neno lenyewe lilimkwaruza kama mwiba wa samaki. Lakini lilipotoka, mengine yalilifuata. Alimwomba ayanusuru makao. Alimweleza habari za Johan, lugha yake, nani anamgeuza na namna anavyogeuzwa. Alisema "tafadhali" mara nyingi kuliko alivyowahi kuisema kwa miaka. Mbwa wa Thwaite alikuja akamlalia miguuni.

Thwaite alimvuta ndani kwa kiwiko, akamketisha karibu na moto. Aliongeza kuni motoni.

"Mimi mwenyewe nilikuandikia mbili," alisema hatimaye. "Nilijua utashinda. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu."

"Basi nisaidie."

"Nimewaahidi watu daraja, Bibi Gillanders. Nilisimama kila ukumbi nikasema jengo liuzwe. Mtu akigeuka wiki yake ya kwanza, neno lake litakuwa la nini? Hebu niambie. Mume wako angegeuka?"

Angeweza kumdanganya. Mgeni hakumjua Torquil vizuri.

"Hapana," alisema. "Asingegeuka."

"Ungekuja kabla sijasema hadharani," alisema Thwaite, na ilionekana anaumia kweli. "Mbona hukuja?"

Halmashauri ilipiga kura wiki iliyofuata, na ikapitishwa kwamba makao yafungwe. Thwaite alifanya alivyoahidi.

Alasiri hiyo Seonaid alikaa kando ya kitanda cha Johan. Dolina alikuwa anakunja mashuka, mgongo ameupa kitanda. Barua za uhamisho zilikuwa zimeshafika ofisini, lakini chumba kile hazikuingia. Dirishani mto ulikuwa umepungua, mawe yameanza kuonekana.

Johan aliuliza kitu. Kilikuwa rahisi, Seonaid alikielewa mwenyewe: tumeshinda?

"Hapana, Mama. Ameshinda Bwana Thwaite."

Mzee alifikiri, akasema maneno mengi zaidi, na Dolina akayatafsiri bila kugeuka. "Anasema, yule Mwingereza. Anauliza kama ulimpa mkono."

"Mwambie nilimpa."

"Anauliza, mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Johan aliutafuta mkono wa Seonaid juu ya blanketi, akaupata, akaupigapiga. Uso wake ulikunjuka kwa furaha. Alichosema safari hii Dolina hakukitafsiri mara moja. Alimaliza kwanza kukunja shuka.

"Anasema, Torquil alioa vizuri."

Seonaid aliinamisha kichwa. Mzee alifumba macho kidogo, akayafumbua, akaomba maji. Neno hilo Seonaid alilijua. Lilikuwa miongoni mwa ya kwanza aliyofundishwa alipokuja bondeni akiwa bibi harusi, na aliyemfundisha ni Johan, penye kisima, akicheka matamshi yake. Alichukua kikombe na kijiko, akamnywesha kidogo kidogo kama inavyotakiwa, akimfuta kidevu, akijaribu kutowaza ni nani, huko wanakompeleka, atakayelisikia neno lile akajua ni kiu.